Nesi Aliyelidharau Neno Ajali

Kati ya maneno yote aliyowahi kufundishwa Angela Akonaay, hakuna alilolidharau kama neno ajali. Mtoto akiletwa zahanati ameungua na mzazi akasema ni ajali, Angela alimtazama mzazi huyo toka kilemba hadi kandambili huku mikono yake ikiendelea kufungua bandeji, kisha akauliza sufuria ilikuwa wapi. Akiambiwa ilikuwa mekoni, aliuliza meko yako wapi. Akiambiwa yako chini, katikati ya nyumba, palepale mtoto anapojifunza kutambaa, basi hapo ndipo alipoanza.

Bibi mmoja alimwambia kwamba Mungu ndiye aliyepanga mjukuu wake amwagikiwe na uji. Angela hakuinua hata macho. "Mungu hajawahi kuja kupika uji nyumbani kwako, bibi," alisema. "Usimsingizie."

Alifika mwaka 1989 katika kijiji kimoja upande wa Gendabi, mahali ambapo mashamba ya Wairaqw yanagusana na malisho ya Wabarabaig, na wote wanashuka kwenye kisima kimoja. Yeye mwenyewe alizaliwa huko juu Mbulu, mbele ya Dongobesh. Kwenye barua ya ajira aliitwa muuguzi msaidizi. Kijijini waliona jina hilo refu, wakamwita nesi. Siku ambazo mganga wa zahanati alikuwa ameitwa mjini Katesh, na siku hizo zilikuwa nyingi kuliko zile alizokuwepo, nesi ndiye aliyekuwa daktari.

Haikumchukua muda kujua ni nini kinachowaumiza watoto wa pale, kwa sababu kilikuwa kilekile kila mwaka na hakuna aliyejisumbua kukibadilisha. Msimu wa baridi ulileta walioungua, maana watoto hulala wakizunguka moto. Msimu wa matunda ulileta waliovunjika mikono kwa kuanguka mitini. Mavuno yalileta waliokanyagwa na mikokoteni ya ng'ombe, waliopandishwa juu ya magunia kama magunia mengine. Na wakati wowote wa mwaka angeweza kuletwa mtoto wa miaka saba aliyepigwa pembe, akisindikizwa na baba anayeshangaa ni vipi mtu mdogo hivyo ameshindwa kuongoza ng'ombe thelathini.

Kisha likaja soko huria. Kabla yake kijiji kilikuwa na duka moja la ushirika, na rafu zake zilikuwa tupu kiasi kwamba halikuweza hata kumdhuru mtu. Sasa maduka yakawa manne. Mafuta ya taa yakauzwa kwa kupimiwa kwenye chupa za soda. Josho la serikali likakauka, kila mfugaji akawa anaogeshea ng'ombe wake nyumbani, na dawa ya kupe ikapimwa kwenye chupa zilezile na kuwekwa chini ya kitanda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua vizuri sana. Angela alipita duka kwa duka kuwakataza. Wenye maduka watatu walimcheka. Wa nne, Tawakali, aliyekuwa amehamia kutoka Katesh, alimsikiliza, na baada ya miezi mitatu akaacha kumpimia mafuta mtu yeyote asiyekuja na dumu. Angela hakumshukuru. Kwake yeye, miezi mitatu ilikuwa mingi mno kwa jambo ambalo kichwa chenye akili kingelimaliza asubuhi moja.

Ila dharau yake iliyokomaa aliiweka kwa Sebastiani.

Sebastiani alikuwa katibu wa ushirika enzi zake. Ushirika ulipokufa ulifia mikononi mwake, na mabati kadhaa ya ushirika huo yakaonekana baadaye juu ya nyumba yake. Mwaka 1996 alileta mashine ya kusaga, ya kwanza ya mtu binafsi kijijini, na kila mtu akamwita mwenye maendeleo. Aliifunga katika banda la matofali ya udongo. Injini ya dizeli ilikaa upande mmoja, mashine yenyewe upande wa pili, na katikati ukapita mkanda mpana kama kiganja, unaokimbia wazi bila kufunikwa na chochote. Kwa mtu mzima ulipita usawa wa paja. Kwa mtoto wa miaka sita ulipita usawa wa kifua.

Wanawake walikuwa wanakuja na debe kichwani, mtoto mchanga mgongoni, na anayemfuata ameshika ncha ya kanga. Ili wamwage mahindi ilibidi wapite kando ya ule mkanda. Angela alipouona mara ya kwanza alisimama mlangoni mpaka ndoo yake ikamwelemea, kisha akamwendea Sebastiani nje, akampa shikamoo kavu iliyodaiwa na umri wake, akamwambia aufunike.

Sebastiani alicheka. Alisema mashine si kitanda cha mtoto. Alisema wanawake wawafundishe watoto wao adabu, na nesi ashughulike na vidonda vyake.

"Ndivyo ninavyofanya," Angela alimjibu. "Nakiona kimoja kinakuja."

Mwaka uliofuata mkanda ulimkamata mbuzi. Sebastiani alimdai mwenye mbuzi fidia ya mkanda.

Ukame wa mwaka 2000 uliwabana wote. Mahindi yakawa ya kuhesabu punje, na watoto walijua kwamba kinachomwagika huokotwa. Mwezi wa pili wa mwaka 2001, mwanamke kijana aitwaye Sara alikwenda mashineni na bintiye Jenifa, wa miaka sita, na mdogo wake Jenifa akiwa mgongoni. Sara alipoinua debe, mahindi kidogo yalimwagika karibu na injini. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, alimwambia Jenifa aokote. Jenifa alikuwa mtoto msikivu. Aliinama akaokota, akaona punje nyingine zimejikusanya pale mkanda unapoingia kwenye gurudumu, akanyoosha mkono wa kulia.

Mtu wa mashine alizima injini upesi kadiri alivyoweza, lakini injini ya namna ile haisimami kwa kuombwa.

Sebastiani alikuja. Hakumpa mtoto pole. Alimwambia Sara kwamba atamsagia bure mpaka mavuno, naye aende nyumbani akamtibu mtoto wake kimya, wala asimpeleke zahanati. Alijua pa kumshika. "Yule mwanamke atakuchana mbele za watu," alimwambia. "Unamjua."

Sara alimjua. Aliutia mkono wa mwanawe majivu na samli, akaufunga kwa kitambaa, akakaa naye ndani. Siku ya kwanza mtoto alilia. Siku ya tatu aliacha kulia, mama yake akadhani anapona. Siku ya tano chumba kizima kilinuka, na Sara akambeba Jenifa mikononi na mdogo wake mgongoni hadi zahanati, akapita mlangoni akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengojea kipigo.

Angela alifungua kile kitambaa. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi. Aliuliza ilikuwaje, akaambiwa. Aliuliza lini, akaambiwa siku tano. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walijua kinachofuata, na wengine, hatuna budi kusema ukweli, walisogea ili wasikie vizuri.

"Kwa nini siku tano?"

"Niliogopa, nesi."

"Uliogopa nini? Mimi nina pembe?"

Sara aliinua uso. Alikuwa hajalala siku zote hizo, na mtu wa namna hiyo hubakiwa na ukweli tu. "Niliogopa mdomo wako," alisema. "Mwaka juzi huyuhuyu alipoungua mguu, uliniambia mbele ya watu hawa kwamba hata kuku anajua kulinda vifaranga. Nikasema siku nyingine heri nimtibu mwenyewe."

Angela alisafisha mkono, akaufunga, akatoka barabarani mwenyewe kusimamisha lori lililokuwa limepakia alizeti, akampandisha Sara na watoto wake wawili mbele kwa dereva, naye akakaa juu ya magunia hadi hospitali. Huko vidole vitatu vilikatwa. Daktari alisema wangefika siku ile ya kwanza, huenda angekiokoa kimoja, pengine viwili.

Kwa miaka kumi na miwili Angela alikuwa ameugawa uzembe wa dunia kwa kila mtu, na sehemu yake mwenyewe hakuwahi kuipokea. Sasa aliipokea yote siku moja, kwenye ukumbi wa hospitali, akiwa na vumbi la alizeti kwenye nywele. Alijidharau. Haikuwa kazi ngumu, kwa sababu mazoezi alikuwa nayo ya kutosha.

Hapo ukumbini ndipo alipomwambia Sara jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alipokuwa na miaka tisa mama yake alimwachia mdogo wake, Patriki, akaenda kisimani. Angela alikuwa anapepeta mtama, na mtoto akatambaa hadi kwenye moto. Alipona, ila vidole vya mkono wa kushoto vimegandana mpaka leo. Baba yao alimchapa Angela kwa siku mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini moto uko chini, wala kwa nini mlinzi wa mtoto ni mtoto mwingine, wala kwa nini kisima kiko mbali vile.

"Nilimchukia kila mtu aliyenichapa," Angela alisema. "Halafu nikakua, nikaokota fimbo ileile."

Sara hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimwomba amshikie yule mtoto mchanga wa mgongoni ili akanawe uso.

Waliporudi kijijini Angela alikwenda kwa mwenyekiti, Sylvester, mtu mpole ambaye upole wake haukuwahi kumsaidia mtu yeyote. Alitaka Sebastiani aamriwe kuufunika mkanda. Sylvester alisema suala hilo ni zito. Kamati iliundwa. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaandika kwamba wazazi waelimishwe. Sebastiani alikuwa mjumbe wa kamati.

Mwaka mmoja ukapita hivyohivyo, na mkanda ukaendelea kukimbia. Mwaka 2002 Manyara ikawa mkoa, na barabara ya kwenda Babati ikajaa magari yenye maandishi ubavuni. Shirika moja lilikuja kijijini kutoa semina ya usalama wa mtoto. Mtaalamu wao, kijana mwenye viatu visivyojua tope, alibandika picha ukutani. Ya kwanza ilionyesha mtoto akichomeka msumari kwenye soketi ya umeme. Ya pili ilionyesha mtoto kwenye beseni kubwa la kuogea, la kizungu, lenye mabomba mawili. Kijijini hapakuwa na nguzo moja ya umeme, na maji ya kuoga yalikuja kichwani kwa mtu.

Angela aliomba kusema. Aliuliza, kwa sauti ya adabu kabisa, kwenye picha hizo mashine ya kusaga iko wapi, na moto wa chini uko wapi, na chupa ya soda yenye mafuta ya taa. Mtaalamu alijibu kwamba picha zimeshapitishwa. Kisha wakagawa soda, kila mshiriki moja, na kwa ukarimu wakaacha chupa. Jioni ile akina mama walikwenda nazo nyumbani, chupa nzuri, safi, za kutilia mafuta ya taa.

Kesho yake Angela alikwenda kwa Sara, akamwambia kwamba wakubwa wote amemaliza kuwaona na hakuna alichokiona. Wamebaki wanawake. Sara alimjibu kwamba wanawake hawatamsikiliza, maana kila mmoja ana kidonda alichochomwa kwa ulimi wake. Basi wakaenda wote wawili nyumba kwa nyumba, na aliyesema alikuwa Sara, na Jenifa akiwa pembeni anakula kiporo kwa mkono wa kushoto. Angela alikaa kwenye kigoda na kunyamaza. Nyumba ya tatu aliona meko chini na mtoto anatambaa kandokando, midomo yake ikacheza, lakini akanyamaza. Walipokuwa wanaondoka aliomba jembe, akawaonyesha jinsi ya kuinua jiko la udongo hadi usawa wa kiuno. Mwenye nyumba alishangaa kuona nesi ana mikono inayofanya kitu kingine zaidi ya kunyoosha kidole.

Wanawake walikubaliana hivi: hakuna atakayesaga kwa Sebastiani mpaka mkanda ufunikwe. Tawakali alikuwa na pikapu ya kwenda kuchukua bidhaa Katesh mara mbili kwa wiki, akakubali kubeba mahindi yao hadi kwenye mashine za huko na kurudisha unga. Safari hii hakuhitaji miezi mitatu.

Wiki ya kwanza Sebastiani alikaa mlangoni kwake akicheka. Alisema wanawake hawajui kugoma, wanajua kununa. Wiki ya pili waume ndio walionuna, kwa sababu ugali ulichelewa na mara nyingine ulikuwa haupo, na wanawake wawili walishindwa wakapitia njia ya nyuma na madebe yao. Sara aliwakuta. Hakuwatukana. Alimwita Jenifa, akamwambia awaamkie mama zake. Jenifa aliwaamkia shikamoo, akatoa mkono wa kulia. Wanawake wale walibeba mahindi yao wakarudi.

Wiki ya tatu injini ilinyamaza siku nne mfululizo, na Sebastiani akamwita fundi seremala, Nikolausi. Kazi ya kwanza aliyoagiza ilikuwa ubao mmoja uliofungwa kwa kamba. Angela aliletwa auone. Aliusukuma kwa ncha ya kiatu, ukaanguka juu ya mkanda.

"Mzee Sebastiani," alisema, "hiki umemfungia mbuzi."

Sebastiani alikasirika, akasema mengi juu ya wanawake na juu ya wageni kutoka Mbulu. Angela alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Alipomaliza alimwambia Nikolausi vipimo. Siku sita baadaye mkanda ulikuwa ndani ya kizimba cha mbao na wavu wa waya, pande zote mbili na juu, hadi mahali ambapo hata mkono wa mtu mzima hauingii. Mlangoni pakawekwa kizuizi kirefu kuliko mtoto. Nje, chini ya upenu, likawekwa benchi la watoto, na kila siku mwanamke mmoja aliyemaliza kusaga alibaki kuwatazama mpaka apokelewe na mwingine. Baada ya hapo hakuna mtoto aliyeguswa na mkanda ule tena.

Sebastiani hakukaa na aibu yake muda mrefu. Aliona anaweza kuifanyia biashara. Lile shirika liliporudi mwaka 2003 kuona matunda ya semina yake, aliwapokea bandani, akawaeleza jinsi alivyoguswa na zile picha za ukutani hata akaamua, kwa mapenzi yake kwa watoto, kujenga kizimba. Walimpa cheti. Sylvester alipiga makofi hadi mwisho. Mtaalamu aliandika kwenye ripoti yake kwamba elimu imepokelewa vizuri na jamii.

Angela alikuwepo, amesimama nyuma na Sara. Sara alimwuliza kama hatasema kitu. Angela alimtazama Sebastiani anavyoshika cheti chake kwa mikono miwili ili asitoe jasho juu ya muhuri, akaona kwamba hapo kweli hapana mtu wa kumwambia kitu.

"Vidole vyote kumi," alisema, "na hana cha maana alichowahi kushika."

Kabla sherehe haijaisha alisikia mtu anamwita kwa jina. Ilikuwa mama mmoja wa Kibarabaig kutoka kwenye maboma ya chini, anakimbia, kiatu kimoja hana, na mtoto wa kama miaka miwili mikononi. Kinywa cha mtoto kilinuka mafuta ya taa. Mama alisema amekunywa sasa hivi, amekuja moja kwa moja, hakumpa maziwa wala hakumtapisha, maana alisikia kwa wenzake kwamba nesi amekataza.

Angela alimchukua mtoto, akaweka sikio kifuani kwake huku wakitembea kwa haraka kuelekea zahanati. Pumzi ilikuwa bado safi. Maneno yalimjaa mdomoni, yote ya zamani: chupa, kitanda, macho ya mama yalikuwa wapi. Yalikuwa maneno ya kweli, na kila moja lilikuwa na makali yake. Aliyatafuna yote mpaka wakafika mlangoni.

"Umefanya vizuri kuja," alisema, na sauti ikamtoka ngumu, kama mtu anayesema lugha ya kigeni. "Kaa hapa. Tutamwangalia pamoja mpaka jioni. Hiyo chupa tutaizungumza kesho."